Kuhifadhi picha za GIF kwenye simu ili ziendelee kucheza hata pasipo na mtandao

Mwalimu wa Chamwino

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa fizikia na baiolojia katika shule moja ya sekondari wilayani Chamwino, na kwa muda sasa nimekuwa nikikusanya picha jongefu, yaani zile za GIF, zinazoonyesha mambo ambayo ubao na chaki haviyawezi: valvu za moyo zikifunguka na kujifunga, pistoni ikipanda na kushuka ndani ya injini ya mipigo minne, wimbi likisafiri kwenye kamba ilhali kila sehemu ya kamba inabaki palepale ikipanda na kushuka. Kitu ambacho ningekieleza kipindi kizima, wanafunzi hukiona kwa kutazama mzunguko mmoja.

Shida yangu ni kuzihifadhi. Nikiwa Dodoma mjini, ambako mtandao ni mzuri, huzipata kwa wingi, lakini nikirudi kituoni, ambako mtandao husuasua, nakuta nyingine zimegeuka picha mnato. Zipo kwenye simu, ila hazichezi. Zile ninazotumiwa na walimu wenzangu kwa WhatsApp huonekana kwenye simu kama video, na nikizituma kwa mwingine zinakwenda kama video. Ziko pia zinazocheza mara moja tu na kusimama. Hata zile nzima siwezi kuzipata upesi mbele ya darasa, kwa kuwa zimechanganyika na picha za harusi, risiti na matangazo ya vikao.

Simu yangu ni ya Android ya bei ya kawaida, yenye nafasi ya GB 32, na nimeongeza memori kadi. Naomba mnielekeze namna ya kuzihifadhi zikabaki hai, na namna ya kuzipanga. Programu za kulipia sizihitaji, na bando langu si kubwa.

Kijana wa Kisasa

Shikamoo Mwalimu. Programu za kuhifadhi GIF zimejaa Play Store. Tafuta kwa neno hilohilo, kisha uchague yenye nyota nyingi. Mimi ninayo moja na inanitosha, isipokuwa matangazo yake ni mengi mno.

Fundi Simu Jamatini

Mwalimu, pole na kazi. Kijana amekushauri kwa nia njema, lakini mimi nisingeanzia huko. Nyingi ya programu za namna hiyo huomba ruhusa ya kusoma majina ya watu wako na hata ujumbe mfupi, na simu ambayo ndiyo pochi yako ya pesa za mtandao haipaswi kuitoa ruhusa hiyo kwa ajili ya picha. Kila unachokihitaji tayari kimo ndani ya simu yako: kivinjari, na programu ya mafaili. Kama simu haikuja na programu nzuri ya mafaili, ile ya Google iitwayo Files ni ya bure na ni nyepesi.

Sasa tuanze na sababu za picha kufa, kwa maana ukizijua hutahangaika tena.

Sababu ya kwanza ni skrinishoti. Skrinishoti huchukua fremu moja tu, yaani picha moja kati ya zile zinazofuatana, iliyokuwa kwenye kioo wakati ule. Ya pili, ambayo naiona kwa wateja wengi, ni kuhifadhi kivuli cha picha badala ya picha yenyewe. Ukitafuta picha kwenye Google, zile ndogondogo unazoonyeshwa mwanzoni ni nakala za kutangulizia, na mara nyingi ni faili za JPG zisizo na mjongeo. Inakupasa uiguse picha, uende kwenye tovuti inakotoka, usubiri mpaka uione inacheza, ndipo uibonyeze na kuishikilia hadi ipatikane orodha yenye neno la kupakua. Ya tatu ni kwamba faili ni nzima kabisa, ila programu ya picha iliyokuja na simu haina uwezo wa kuichezesha. Hiyo huonekana kwenye baadhi ya simu za bei nafuu. Jaribu kuifungua faili ileile kwa Google Photos au kwa Chrome. Ikicheza huko, ujue hukupoteza kitu.

Kipimo cha haraka ni kuangalia maelezo ya faili. Jina likiishia na .jpg, haitacheza hata uifanyie nini, na hata ukibadilisha mwisho wa jina ukaandika .gif haitapata fremu ambazo haikuwa nazo. Likiishia na .gif, kuna tumaini. Likiishia na .mp4 ni video, na likiishia na .webp inaweza kuwa mnato au jongefu, kwa sababu muundo huo wa Google hubeba zote mbili.

Kuhusu zile zinazocheza mara moja na kusimama, simu yako haina kosa. Muundo wa GIF ulitolewa na kampuni ya Marekani ya CompuServe mwaka 1987, na toleo la mwaka 1989 ndilo lililoweka muda wa kusubiri kati ya fremu moja na nyingine. Uwezo wa kujirudia bila kikomo haukuwemo humo. Uliletwa na kivinjari cha Netscape mwaka 1995 kwa njia ya maelekezo mafupi yanayoandikwa ndani ya faili. Faili isiyo na maelekezo hayo hucheza mara moja na kuishia kwenye fremu ya mwisho. Unaweza kuyaongeza ukipitisha picha kwenye tovuti ya ezgif.com, ambayo hufanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote, ingawa kumbuka kwamba kupakia na kupakua tena ni bando mara mbili.

Nije kwenye WhatsApp. Kile unachokiona humo kikiwa na alama ya GIF, kwa kweli ni video fupi ya MP4 isiyo na sauti, ambayo programu imeamriwa kuichezesha kwa kujirudia. Hata ukituma GIF halisi, huko njiani hugeuzwa kuwa MP4. Telegram hufanya vivyo hivyo. Wana sababu ya maana: katika GIF kila fremu hubanwa peke yake, na kinachoweza kuokolewa ni zile sehemu za picha ambazo hazikubadilika tangu fremu iliyotangulia, ilhali video hukisia kitu kimesogea kutoka wapi kwenda wapi, ikaandika tofauti tu. Isitoshe, kila fremu ya GIF haiwezi kuwa na rangi zaidi ya 256, ndiyo maana picha za anga au za ngozi ya mtu hutoka na madoadoa. Kwa hiyo kitu kilekile kikiwa MP4 kwa kawaida huwa na sehemu ndogo tu ya uzito wa GIF, na huonekana vizuri zaidi.

Faili hizo WhatsApp huziweka kwenye folda iitwayo WhatsApp Animated Gifs. Katika simu za Android 11 na kuendelea utaipata ukifungua hifadhi ya ndani, kisha Android, kisha media, kisha com.whatsapp, halafu WhatsApp, halafu Media. Usiziache humo. Ukija kusafisha mazungumzo, ukakubali na mafaili yake yafutwe, zitaondoka nayo. Zinakili uziweke kwenye folda yako mwenyewe.

Ukitaka kumtumia mwenzako ionekane kama GIF badala ya video, ichague kutoka kwenye simu, hakikisha haizidi sekunde sita, na kabla hujaituma utaona juu kitufe cha kuchagua kati ya video na GIF. Ukitaka imfikie faili ileile bila kuguswa, itume kama hati, si kama picha. Hiyo ya hati ndiyo njia ninayoipendekeza kwa walimu wanaopeana vifaa vya kufundishia, kwa sababu faili haibanwi wala haigeuzwi, na jina ulilolipa huenda nayo.

Mtunza Masijala

Nimshukuru Fundi kwa maelezo. Mimi nitagusa upangaji tu, kwa kuwa kazi yangu ni masijala katika ofisi moja pale Mji wa Serikali Mtumba, na nikiona watu wanavyotunza mafaili kwenye simu roho huniuma.

Mwalimu, usitegemee macho. Ghala la picha hupanga vitu kwa tarehe, na tarehe haikusaidii chochote ukiwa mbele ya wanafunzi, kwa sababu wewe unakumbuka mada, hukumbuki siku uliyopakua. Tengeneza folda moja, tuseme Masomo, na ndani yake folda mbili tu, Fizikia na Baiolojia. Usiendelee kuchimba folda ndani ya folda; kwenye kioo kidogo kila ngazi inakula muda. Kazi iliyobaki iachie jina la faili. Picha hupakuliwa ikiwa na jina la ajabu lenye tarakimu na herufi zisizoeleweka, nawe ulibadilishe siku hiyohiyo, uanze na mada kisha kitu chenyewe: injini-mipigo-minne, injini-dizeli, moyo-valvu, wimbi-kamba. Zote za injini zitakaa pamoja, na ukiandika neno injini kwenye sehemu ya kutafuta zitajileta. Wakati wa kubadilisha jina, usifute .gif au .mp4 ya mwishoni, la sivyo simu haitajua ni kitu gani.

Kama unataka zifuatane kwa mpangilio wa somo, tanguliza namba, lakini uandike 01, 02, 03 na si 1, 2, 3, kwa maana mifumo mingine itaiweka 10 kabla ya 2 na mpangilio wako utavurugika faili zikizidi tisa.

Jambo la pili, andika chanzo. Fungua hati moja ya maandishi humohumo kwenye folda, na kila faili unayoingiza iandikie mstari: imetoka wapi, imetengenezwa na nani, na anaruhusu itumikeje. Picha nyingi za kisayansi zinazofaa shule ziko Wikimedia Commons, ghala huria la picha mtandaoni, na kila moja ina ukurasa unaosema leseni yake. Nyingine ni mali ya umma, nyingine zinataka umtaje mtengenezaji tu. Kuionyesha darasani ni jambo moja, na kuiweka ndani ya kitini kitakachouzwa ni jambo jingine kabisa, na kwa hilo la pili Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakuhusu. Ukiwa na ule mstari mmoja hutahitaji kukumbuka.

La tatu nitalisema kwa kifupi ingawa ndilo gumu kuliko yote: futa. Picha mbili za moyo zinazoonyesha kitu kilekile, bakiza iliyo bora. Mkusanyiko wa picha arobaini unazozijua ni wa thamani kuliko mia nne usizokumbuka zina nini. Files ya Google ina sehemu inayokutajia mafaili yaliyojirudia, basi itumie.

Mwanafunzi wa UDOM

Shikamooni wakubwa zangu. Naomba niongeze kuhusu Telegram na stika, maana sisi vijana ndizo tunazozitumia zaidi.

Kwenye Telegram ukiibonyeza GIF na kuishikilia, utaona chaguo la kuihifadhi kwenye orodha yako ya GIF. Orodha hiyo iko kwenye akaunti, haiko kwenye simu, kwa hiyo hata ukiibiwa simu ukaingia kwa simu nyingine utazikuta. Lakini ina kikomo: asiyelipia anaruhusiwa 200, na ukiongeza nyingine, ya zamani inaondolewa. Tena bila mtandao huna uhakika wa kuziona. Kwa hiyo kwa Mwalimu inafaa kama akiba ya pembeni tu. Ile nyota ya WhatsApp ya kuweka GIF kwenye vipendwa nayo ni hivyohivyo. Ni ya kurahisisha mazungumzo, si ghala.

Stika jongefu ni kitu kingine. Zilikuja WhatsApp mwaka 2020, ni faili za WebP zenye upana na urefu wa pikseli 512 (vile vinukta vinavyounda picha), na hazitakiwi kuzidi KB 500. Uzuri wake ni kwamba kingo zake ni laini, kwa sababu WebP huruhusu sehemu ya picha kuwa wazi nusunusu, ilhali katika GIF kila pikseli ama iwe wazi kabisa ama isiwe wazi kabisa, ndiyo maana kingo za GIF huonekana kama zimeng'atwa na panya. Ila kwa ukubwa huo maandishi ya mchoro hayasomeki. Sidhani kama inafaa kufundishia.

Mimi mwenyewe hutengeneza GIF za ngoma za Wagogo kutoka kwenye video nilizopiga kwa ruhusa ya wachezaji. Nimegundua kwamba ngoma ni rahisi kuliko mambo mengine, kwa sababu hatua hujirudia: akina mama wapiga ngoma za muheme wakiinua mikono, ukikata video kuanzia mkono ulipo juu hadi unaporudi juu, mwisho na mwanzo vinaungana na mtazamaji haoni pa kuungia. Nadhani hata Mwalimu anaweza kujitengenezea ya pendulum au ya pampu ya kisima kwa njia hiyo, akipiga video fupi huku simu imeegemezwa mahali isitikisike.

Fundi Simu Jamatini

Hilo la kuegemeza simu ni la msingi kuliko linavyoonekana. Mandhari ikitulia, GIF huwa nyepesi sana, kwa kuwa kama nilivyosema, sehemu isiyobadilika haihitaji kuandikwa upya. Mkono ukitetemeka kidogo tu, kila pikseli hubadilika na faili hunenepa.

Na kuhusu memori kadi, itumie, lakini isiwe mahali pekee. Kadi hufa bila taarifa. Nunua flashi yenye kichwa cha kuchomeka kwenye simu, au nakili kwenye kompyuta ya shule. Akaunti ya Google hukupa GB 15 bila malipo, na hizo hugawanywa kati ya barua pepe, picha na mafaili mengine, kwa hiyo pakia ile folda ya Masomo peke yake siku ukiwa mjini kwenye mtandao wa bure, na uzime upakiaji wa kila kitu.

Mwalimu wa Chamwino

Ndugu zangu, nawashukuru sana. Nimepitia mafaili yangu kwa kipimo cha Fundi, na kumbe karibu zote zilizokufa ni JPG, kwa hiyo nitazitafuta upya kwenye kurasa zake. Folda nimeshaziunda na majina naendelea kuyabadilisha, nikianza na mada za muhula huu. Mtunza Masijala, hilo la kufuta naliogopa, ila nitajitahidi.

Limebaki jambo moja. Ile ya injini nimeionyesha kwa projekta kutoka kwenye kompyuta ya shule. Kwenye simu hukimbia mno, kwenye kompyuta hutambaa, na sielewi kwa nini, wakati faili ni ileile. Zaidi ya hapo, mwanafunzi akiomba niisimamishe pale mchanganyiko wa hewa na mafuta unapogandamizwa, sina kitufe cha kuisimamisha. Je, kuna programu inayosimamisha GIF?

Fundi Simu Jamatini

Mwalimu, la mwendo lina sababu yake. Muda wa fremu katika GIF huandikwa kwa sehemu za mia za sekunde. Mtengenezaji akiandika muda mdogo mno, chini ya sehemu mbili za mia, vivinjari vingi huona huo si muda wa kweli na kuubadilisha kuwa sehemu kumi za mia, ilhali programu nyingine huutii kama ulivyo. Bila shaka kwenye kompyuta uliifungua kwa kivinjari. Dawa ni kuiandikia muda unaoeleweka, sehemu kumi au ishirini za mia kwa kila fremu, na ezgif ina sehemu ya kufanya hivyo. Uzito wa faili hautaongezeka, kwa kuwa fremu ni zilezile na kinachobadilika ni tarakimu ya muda. Picha ya fremu 36 kwa sehemu kumi za mia itamaliza mzunguko kwa sekunde 3.6, na kwa sehemu ishirini itachukua sekunde 7.2, ambazo zinakutosha kutaja kila pigo linapopita.

Kuhusu kusimamisha, programu za kufanya hivyo zipo, lakini ningekushauri uache kuing'ang'ania GIF kwa picha za aina hiyo. Ulikuja ukilalamika kwamba WhatsApp inakugeuzia kuwa video. Kwa kazi yako hiyo video ndiyo bora. MP4 ina kitufe cha kusimamisha, unaweza kuivuta mbele na nyuma kwa kidole, ni nyepesi, na kichezeshi cha video kwenye kompyuta kinaweza kuamriwa kuirudia bila kikomo. Ukiiweka kwenye slaidi za PowerPoint nako kuna chaguo la kuirudia mpaka uisimamishe. GIF zibakize kwa vitu vifupi visivyohitaji kusimama, kama lile wimbi la kamba.

Kwa injini hasa, fanya na jambo moja la ziada. Ipitishe picha kwenye sehemu ya ezgif inayotenganisha fremu, uchague nne tu: pistoni inapomaliza kufyonza, inapomaliza kugandamiza, inapomaliza kusukumwa na mlipuko, na inapomaliza kutoa moshi. Zipe majina injini-01 hadi injini-04 kama Mtunza Masijala alivyoelekeza, uziweke pembeni ya video yenyewe. Wakiuliza kwa nini shafti imezunguka mara mbili wakati mafuta yamewaka mara moja, utakuwa nazo zote nne za kuwaonyesha moja baada ya nyingine.